Aibu za meza ya poka: zimalizie nyumbani kabla hujapanda basi la Dar

Mtu aliyekulia Mtwara au Lindi kwenye bao na karata za kijiweni ana mtaji mkubwa. Anajua kumsoma mwenzake usoni, anajua kunyamaza akiwa na karata nzuri, na hesabu za haraka hazimsumbui. Lakini wengi wa Kusini hukutana na meza ya poka ya kasino kwa mara ya kwanza wakiwa Dar es Salaam, na ndani ya nusu saa mgawaji ameshawarudishia chipu, vile vidonge vinavyotumika badala ya fedha, mara mbili, meza nzima ikiwakodolea macho. Kilichowaangusha ni mkono uliotangulia mdomo, wala karata hazikuwa na kosa.

Aibu nyingi za meza ile ni za utaratibu: nani aseme kwanza, chipu ziende vipi, karata zifunuliwe lini. Utaratibu ni kazi ya mikono, na mikono hufundishika nyumbani kwa vizibo vya soda bila kupoteza hata shilingi. Makosa yale yale yakifanyika Dar hulipiwa.

Mwongozo huu ni wa aliyetimiza miaka 18, umri ambao sheria inamruhusu mtu kucheza. Anayeona kamari ni haramu kwa dini yake asitafute humu ruhusa, hatuna ya kumpa. Na nyumbani msiweke fedha mezani. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kuendesha mchezo wa fedha kunahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na baraza ya nyumba ya mtu Chikongola, pale Mtwara, haina leseni hiyo.

Jua kwanza unakaa meza ipi

Neno "poka" kwenye kasino linaweza kumaanisha vitu viwili tofauti kabisa. Kuna poka ya kuchezwa dhidi ya nyumba: mgawaji ndiye mpinzani wako, na nyumba ina faida iliyojengwa ndani ya kanuni. Katika poka ya Karibiani, kwa mfano, mgawaji anatakiwa awe na angalau ree na mfalme ndipo dau lako la pili lihesabike. Huko kumsoma mtu usoni hakuna kazi. Kuna pia poka ya wachezaji kwa wachezaji, hasa ile ya Texas, ambapo mgawaji anagawa tu, na nyumba inachukua sehemu ndogo ya kila kitita, yaani madau yaliyokusanyika katikati ya meza. Hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia.

Kabla hujakaa, simama pembeni uulize maswali matatu: ni poka ipi, madau ya lazima (yale mawili yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa) ni kiasi gani, na kiwango cha chini cha kununua chipu ni kipi. Hakuna anayemcheka anayeuliza akiwa amesimama. Huchekwa aliyekaa, akanunua chipu za laki mbili, kisha akauliza mbona mgawaji naye ana karata.

Meza ya mazoezi

Mnatakiwa watu sita na wa saba wa kugawa. Kusanya vizibo 180 vya rangi tatu. Muuza vinywaji yeyote atakupa akijua unavitaka, ila mwambie mapema asivitupe. Kila mchezaji apate vizibo 30: 20 vya rangi ya kwanza vihesabiwe 1,000 kila kimoja, 8 vya rangi ya pili vihesabiwe 5,000, na 2 vya rangi ya tatu vihesabiwe 25,000. Jumla ni 110,000. Dau dogo la lazima liwe 1,000 na dau kubwa la lazima liwe 2,000, hivyo kila mtu anaanza na madau makubwa 55, kiasi kinachofanana na meza halisi.

Tandika blanketi au khanga nzito juu ya meza ili vizibo visiteleze, na uchore kwa chaki mstari mbele ya kila mchezaji, sentimita 25 hivi kutoka ukingoni. Kitufe cha kuonyesha zamu ya mgawo kiwe kete moja ya komwe kutoka kwenye bao. Msitumie korosho ghafi badala ya vizibo hata kama zimejaa gunia. Ganda lake likipasuka hutoa mafuta yanayochoma ngozi.

Chezeni mikono 40 kwa kikao, mkono mmoja ukiwa mchezo mmoja tangu karata kugawiwa hadi kitita kipate mwenyewe. Mgawaji abadilike kila baada ya mikono 10, na akiwa mgawaji asiwe na huruma: kosa la utaratibu liadhibiwe papo hapo kama litakavyoadhibiwa kasino. Vikao vinne vinatosha kuondoa makosa mengi. Kikao chenye mgawaji mpole ni bure, kwa sababu mikono haijifunzi kosa linalosamehewa.

Mdomo kwanza, mkono baadaye

Hili ndilo kosa linalowaaibisha wengi, kwa hiyo litazame kwa karibu.

Madau ya lazima ni 1,000 na 2,000. Mtu wa kulia kwako ameweka 6,000. Una mfalme wawili na unataka kupandisha hadi 18,000. Unachukua chipu za 6,000, unazisukuma mbele, kisha mkono unarudi kwenye rundo kuchukua 12,000 zilizobaki. Unapozifikisha mstarini, mgawaji anazizuia kwa vidole viwili na kuzirudisha kwako. "Koli tu." Umelipia 6,000, basi. Aliye kushoto kwako anaingia kwa bei rahisi, na wafalme wako sasa wanakabili watu wawili badala ya mmoja.

Mgawaji hakukuonea. Kanuni hiyo ipo kwa sababu mtu mjanja angeweza kuweka nusu, amtazame mpinzani kama uso umebadilika, halafu ndipo aamue kuongeza au kuacha. Chipu zikienda kwa awamu bila neno, inayohesabika ni awamu ya kwanza.

Dawa ni kusema kabla ya kugusa chipu. Neno likishatoka, hata ukisogeza chipu kwa awamu tano hakuna wa kukuzuia. Maneno yanayosikika mezani ni haya: cheki ni kupita bila kuweka kitu, koli ni kulipia dau lililopo, reizi ni kupandisha, foldi ni kutupa karata, olini ni kuweka yote. Yazoeeni mkiwa Mtwara, msisubiri kuyasikia Dar.

Tahadhari moja inatuhusu sisi wasema Kiswahili hasa. "Elfu kumi na nane" mmoja husikia 18,000, mwingine husikia elfu kumi, halafu nane. Sema "kumi na nane elfu". Na taja jumla, siyo nyongeza. Ukisema "naongeza kumi na mbili", mgawaji atajiuliza kama ni 12,000 kwa jumla au 12,000 juu ya zile 6,000, na jibu lake linaweza lisikupendeze. "Reizi, jumla kumi na nane elfu" haina mlango wa mabishano.

Usiseme pia, kama kwenye sinema, "naiona sita yako, na ninakuongezea kumi na mbili". Ukishatamka kwamba unalipia, umelipia. Nyongeza inayofuata haipo.

Kosa ndugu na hilo ni chipu moja kubwa. Dau ni 2,000, wewe unarusha kimyakimya chipu ya 25,000 ukitarajia wote watetemeke. Chipu moja isiyo na neno ni koli. Utarudishiwa chenji ya 23,000.

Kuna na kiwango cha chini cha kupandisha. Nyongeza yako lazima ifikie angalau nyongeza iliyotangulia. Mtu akiweka 6,000 karata za mezani zikiwa zimeshafunuliwa, wewe huwezi kupandisha chini ya 12,000. Akiwa mwingine ametoa dau kutoka 2,000 hadi 6,000, nyongeza yake ni 4,000, hivyo wewe unaanzia 10,000.

Utani, kugonga na kubamiza

Utani ni mila ya Kusini na ni raha ya kijiweni, lakini mezani kauli ni mkataba. Aliyetamka "olini" kwa mzaha zamu yake ikiwa imefika ameshaweka yote. Wagawaji wengi hawatauliza kama ulikuwa unatania, na mpinzani mwenye karata nzuri hatataka waulize.

Kugonga meza kwa kidole au ngumi ni cheki. Mwenye mazoea ya kupiga ngoma mezani akifikiri atajikuta amepita bila kuweka dau wakati ana karata za kuua. Weka mikono juu ya karata zako, au mapajani.

Na ile tabia tamu ya kubamiza karata mezani, paa, kama unapomaliza mchezo wa turufu, iache nyumbani. Karata inayobamizwa hupinduka ikaonekana, au huruka ikagusa rundo la zilizotupwa. Iliyogusa rundo hilo kwa kawaida imekufa, hata kama ilikuwa ndiyo inayoshinda. Ukitupa, sukuma karata chini chini, kifudifudi, kuelekea kwa mgawaji. Usipotupa, weka chipu moja juu yake. Mgawaji huzoa karata zisizolindwa akidhani umezitupa, na hapo hakuna wa kukulipa.

Zamu

Mchezo huzunguka kwenda kushoto. Anayetenda kabla ya zamu anamharibia mtu mwingine: aliyekuwa anafikiria kuweka dau sasa anajua wewe huna kitu. Kwa kanuni zinazotumika sana kwenye mashindano, ulichofanya kabla ya zamu kinaweza kukufunga kama hakuna aliyepandisha kabla zamu haijakufikia. Kabla ya kutenda, tazama mtu wa kulia kwako. Kama bado ana karata na hajasema, siyo zamu yako. Ni hilo tu, na linatosha.

Ukishatupa karata, nyamaza. Mezani zikifunuliwa saba mbili na wewe ulitupa saba, usishike kichwa. Wenzako wawili bado wanacheza, na mguno wako umewaambia wote kwamba saba moja haipo tena.

Lugha nayo ina utaratibu. Vyumba vingi vya poka duniani huruhusu lugha moja tu mezani mkono ukiwa unaendelea. Uliza ni ipi. Ukikaa na rafiki mkatupiana maneno mawili ya Kimakonde katikati ya mkono, hata mkiwa mnaulizana chakula, wenzenu watahisi mnapanga njama, na wana haki ya kuhisi hivyo.

Kusoma karata vibaya

Poka ya Texas hukupa karata mbili mkononi, na tano hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Unachukua tano zilizo bora kati ya hizo saba. Kutoka chini kwenda juu, nguvu ni hizi: karata ya juu, jozi moja, jozi mbili, tatu za aina moja, mfululizo, flashi ambayo ni tano za ua moja, fulu hausi ambayo ni tatu za aina moja pamoja na jozi, nne za aina moja, na mfululizo wa ua moja.

Waliozoea turufu hukosea sehemu tatu. Katika poka hakuna turufu, na maua yote yana nguvu sawa: shupaza haimpigi kopa, wala uru haiko chini ya pau. Saba ni saba tu, haimshindi mfalme hata siku moja. Na ree huweza kuwa juu kabisa baada ya mfalme au chini kabisa kabla ya mbili, lakini haizunguki: malkia, mfalme, ree, mbili, tatu siyo mfululizo.

Kosa gumu zaidi kuliona ni jozi iliyokufa. Una tano mbili mkononi. Mezani pana mfalme, mfalme, tisa, tisa, ree. Mtu anatangaza kwa furaha "nina jozi tatu", kumbe poka haijui jozi tatu. Karata zako tano zilizo bora ni mfalme mbili, tisa mbili na ree, ambazo zote ziko mezani na kila mtu anazo. Mwenye ree moja mkononi ana ree mbili na mfalme mbili, amekushinda. Mwenye malkia wawili amekushinda. Hupotezi chochote kwa yule tu asiye na kitu kama wewe, mtagawana.

Zoezi lake halihitaji wachezaji sita. Mtu mmoja anafunua karata tano mezani, mwingine anataja ndani ya sekunde kumi mkono mkubwa kabisa unaowezekana pale. Fanyeni mara 20 kila siku kwa wiki moja.

Mwisho wa mkono, aliyeweka dau la mwisho ndiye anayefunua kwanza. Ukisikia mpinzani anasema "nina flashi", usitupe zako. Subiri uione. Kisha laza karata zako zote mbili, uso juu, ukae kimya. Kanuni husema karata zenyewe ndizo zinazosema, hivyo hata wewe ukikosea kuzisoma, mgawaji anapaswa kuzisoma sawasawa. Aliyezitupa kwa aibu ya kudhani ameshindwa hana wa kumsomea.

Na ukijua umeshinda, funua mara moja. Kumchelewesha mtu ili atumaini, kisha umlipue, ni utovu wa adabu unaokumbukwa muda mrefu kuliko kosa lolote la mgeni.

Kosa likishatokea

1. Toa mikono juu ya chipu na karata, uiache hali ilivyo. Ukianza kurudisha chipu mwenyewe, kosa dogo linaonekana kama wizi.
2. Sema mara moja, "Samahani, kosa langu." Usieleze. Maelezo marefu huwafundisha wapinzani ulikuwa na karata gani.
3. Kama huelewi uamuzi, omba msimamizi aitwe, kwa sauti ya kawaida, kabla kitita hakijasukumwa kwa mtu. Baada ya hapo umechelewa.
4. Mikono miwili inayofuata tupa karata zote isipokuwa jozi kubwa. Moyo bado unadunda, na damu ikichemka macho hayaoni vizuri.
5. Ukijisikia unataka kuwaonyesha kwamba siyo mshamba, simama. Nenda nje, kunywa maji.

Hatua hiyo ya tano ndiyo ya thamani kuliko zote. Kosa la awamu lilikugharimu chenji. Kutaka kufuta aibu kunagharimu rundo zima, kwa sababu mtu hulipia madau asiyopaswa kulipia ili tu asionekane ameogopa.

Daftari

Usiku ule ule, kabla ya kulala, andika. Ukisubiri asubuhi, kumbukumbu itakuwa imeshakutetea. Mistari mitano tu: nilikaa wapi, madau yalikuwaje, nilifanya nini, nilitaka nini, na nitasema nini siku nyingine. Kwa mfano:

"Nafasi ya tatu kutoka kwenye kitufe cha mgawo. Dau 6,000 mbele yangu. Nilisukuma 6,000 nikarudi kuchukua 12,000. Nilitaka jumla 18,000. Nitasema: reizi, jumla kumi na nane elfu, mikono ikiwa bado mapajani."

Usiandike "nilikuwa mjinga". Hilo halifanyiwi mazoezi.

Wala usiandike bahati mbaya kama kosa. Ree mbili dhidi ya mfalme wawili, fedha zote zikiwa zimeingia kabla ya karata za mezani, hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Ukiangukia zile 18, huna cha kurekebisha. Ila ukiwa na nne za ua moja, imebaki karata moja, ukalipa 10,000 kufuata kitita cha 20,000, hilo liandike. Karata ambazo hujaziona ni 46, zinazokufaa ni 9, kwa hiyo kitita kilitakiwa kiwe karibu 41,000 ndipo malipo yale yawe na maana.

Kosa likijirudia mara tatu daftarini, kikao kijacho cha vizibo kiwe cha kosa hilo peke yake.

Fedha ya kwenda nayo

Kununua chipu kwa kawaida huwa kati ya madau makubwa 40 na 100. Meza ya 1,000 na 2,000 inataka 80,000 hadi 200,000. Beba kiasi ambacho kikiisha, nauli ya kurudi, ada na chakula cha nyumbani havitikisiki. Malipo ya korosho yakishaingia, simu inasoma kiasi ambacho mtu hajakiona tangu msimu uliopita, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kwenda kujifunzia kasino. Mwachie mtu nyumbani laini ya simu yenye fedha za msimu, au ziweke benki kabla ya safari.

Huwezi kuingiza mkono mfukoni katikati ya mkono ili uongeze chipu, wala kuficha chipu ulizoshinda ukaendelea kucheza. Chipu kubwa zikae mbele ya rundo, zionekane. Ukiondoka, zipange katika safu za 20, zibebe hadi kwa keshia, na uhesabu noti ukiwa bado dirishani.

Basi la kurudi Mtwara linasafiri zaidi ya kilomita 550. Daftari likae kwenye mfuko wa shati, siyo kwenye begi lililofungiwa chini ya basi.